Mtoto Anayetushinda: Tuulize Kwanza, Tusikimbilie Jina la Mlozi



Makala hii tunaiandika kwa ajili ya wazazi, walezi, wazee wa kanisa na watumishi wenzetu katika makanisa ya mashariki. Tunahudumu katika komini ya Annexe, ile inayozunguka mji wa Lubumbashi, yenye mitaa kama Kasapa, Kalebuka, Luwowoshi na Kasungami. Watu wanaokuja kutuona katikati ya juma huja mara nyingi na mambo matatu: ugonjwa, pesa na mtoto. Wanaokuja kwa sababu ya mtoto huanza karibu wote na neno lile lile: “Pasta, mtoto huyu anatushinda.”

Tungependa kueleza neno hilo linaficha nini, mzazi afanye nini nyumbani, sheria ya nchi yetu inasema nini, na kanisa lifanye nini. Tunaandika pia kwa sababu sisi wenyewe tulikosea, na kosa letu tutalisema.

Mtoto msumbufu ni nani?

Si kila mtoto anayetuchosha ana shida. Mtoto wa miaka 2 au 3 anayejitupa chini na kulia ni mtoto wa umri wake. Mtoto wa miaka 6 anayesema uongo mdogo ili asipigwe bado anajifunza. Kijana wa miaka 14 anayebishana na baba yake anatafuta nafasi yake kama mtu mzima. Hao wanahitaji uvumilivu na mafundisho.

Tunaanza kuwa na wasiwasi tukiona mojawapo ya mambo haya:

– tabia inaendelea miezi mingi bila kubadilika, ingawa tumeonya;
– inaonekana mahali pote: nyumbani, shuleni na hata kanisani;
– mtoto aliyekuwa mtulivu amebadilika ghafula;
– anajiumiza, anaumiza wengine, au anasema kwamba anataka kufa;
– anapoteza mambo aliyokuwa anayajua, kama kusema, kusoma au kwenda chooni mwenyewe.

Hizo ni ishara kwamba kuna kitu kinachomsumbua mtoto, nasi tunapaswa kukitafuta.

Kosa letu wenyewe

Miaka michache iliyopita, familia moja ya kanisa letu ilituletea mvulana wa miaka 9. Mama yake alikuwa amefariki, naye akachukuliwa na mjomba wake. Katika lupango la mjomba walikuwa tayari watoto watano. Mvulana alikuwa anakojoa kitandani. Alikuwa ameiba falanga za unga. Tena kuna wakati alikuwa anasimama kimya, macho wazi, haitiki hata ukimwita mara tatu, kisha anaendelea na mchezo kama hakuna kilichotokea. Mwaka huo mjomba alipoteza kazi. Jirani mmoja akasema: “Mtoto huyu ndiye anayefunga nyumba yenu.”

Hatukumwita mvulana mlozi kwa kinywa chetu. Lakini tulisema: “Mleteni, akae siku tatu katika maombi, afunge.” Hatukuuliza swali hata moja. Tuliona haya kusema kwamba hatujui, maana watu hungoja pasta ajue.

Usiku wa pili mvulana alitoroka. Wiki tano mke wa mjomba alimtafuta sokoni na kwenye stesheni za magari, mpaka alipoonekana katika nyumba moja inayopokea watoto wa barabarani. Alikuwa amekonda na ana kidonda mguuni. Alipotuona sisi, alijificha nyuma ya mlango. Hatutasahau siku ile.

Muuguzi mmoja, mama wa kanisa letu, ndiye aliyekaa na familia na kuuliza: “Haya yalianza lini?” Kukojoa kulianza juma la mazishi ya mama. Kusimama kimya kulikuwa kumeanza mapema zaidi, baada ya homa kali ya malaria. Daktari alipomwona akasema ile hali ya kuduwaa ni aina ya kifafa, akampa dawa. Leo mvulana yuko nyumbani kwa mjomba wake na anasoma. Bado ni mbishi, na mara moja moja bado tunaitwa kusaidia. Lakini hakuna tena anayesema kwamba anafunga nyumba.

Bwana Yesu alimwuliza baba

Baada ya hapo tulirudia kusoma Marko 9:14-29, habari tuliyokuwa tumeihubiri mara nyingi. Baba mmoja analeta mtoto wake anayeanguka chini na kutoa povu. Wanafunzi wameshindwa, na Yesu anapofika anawakuta katika mabishano na waandishi wakati mtoto bado anateseka. Tulijiona sisi wenyewe pale.

Kabla ya kumponya, Bwana anamgeukia baba na kumwuliza ni tangu lini mtoto amekuwa katika hali hiyo. Baba anajibu kwamba ni tangu utoto, kisha anaeleza jinsi mtoto alivyoanguka motoni na majini. Yesu anamsikiliza.

Ndugu mmoja anaweza kusema: “Lakini pale kulikuwa na pepo.” Ndiyo, hatulifuti Neno. Ila tuangalie Bwana alivyomtendea mtoto. Hakumlaumu wala hakumtaka akiri kitu. Mtoto pale ndiye aliyeteswa, si mkosaji. Na pale tunaposoma juu ya kuomba na kufunga, neno hilo waliambiwa wanafunzi, mtoto hakuamriwa kufunga. Mwisho Yesu alimshika mkono akamwinua, na Luka 9:42 inaongeza kwamba alimrudisha kwa baba yake. Huduma yoyote inayomtoa mtoto mikononi mwa familia na kumwacha barabarani imekwenda kinyume na njia ya Bwana.

Mambo yanayojificha nyuma ya tabia

Tumejifunza kuuliza juu ya mambo haya kabla ya yote:

Huzuni. Mtoto aliyefiwa au aliyehamishwa kutoka nyumba moja mpaka nyingine hajui daima kusema “nina huzuni.” Huzuni yake hutoka kama hasira, wizi, ukimya au kukojoa kitandani. Wengi wanaofika kwetu ni yatima, au baba amekwenda kuchimba madini upande wa Kolwezi na mama ameolewa upya.

Kukojoa kitandani. Watoto wengi hukojoa usiku hata wakiwa na miaka 5 au 6, na mara nyingi baba au mama naye alikuwa hivyo utotoni. Hawafanyi kwa makusudi, kwa sababu wamelala. Kumpiga au kumwaibisha mbele ya wengine huongeza tatizo. Kama alikuwa ameacha kisha akaanza tena, tuulize ni nini kilichotokea, na aonwe na daktari.

Kifafa. Kuna kifafa cha kuanguka na kutetemeka, na kuna cha kuduwaa kwa muda mfupi. Ni ugonjwa wa ubongo, na hauambukizi. Dawa zipo, na wagonjwa wengi wanaozitumia vizuri hupata nafuu kubwa. Mtoto akianguka, tumlaze kwa ubavu, tuondoe vitu vinavyoweza kumwumiza, tusimtie kijiko wala kitu kingine kinywani. Ikipita dakika 5 bila kuisha, au kama ana homa, apelekwe hospitali mara moja.

Masikio na macho. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Asiyeona ubao huonekana mvivu, kisha anaanza kusumbua darasa.

Maendeleo ya akili. Kuna mtoto aliyechelewa kusema, kuna asiyeweza kukaa mahali pamoja, na kuna yule asiyekutazama machoni na anayekasirika utaratibu wake ukibadilishwa. Mara nyingi walizaliwa hivyo. Wanahitaji mafundisho ya polepole na watu wanaowaelewa.

Njaa, usingizi na hofu. Mtoto anayekula mara moja kwa siku hawezi kutulia. Tena mtoto aliyebadilika ghafula na anayemwogopa mtu fulani huenda anaumizwa na mtu huyo. Tumwulize kwa upole, tukiwa naye peke yake, tena tumsadiki.

Jina la ulozi liliingiaje?

Wazee wetu walikuwa na imani juu ya ulozi tangu zamani, lakini mara nyingi aliyetajwa alikuwa mtu mzima. Kumtaja mtoto mdogo kwa wingi, jinsi tunavyoona mijini, kulizidi tangu miaka ya 1990, wakati wa vita, vifo na mishahara iliyokatika. Hapa Katanga tunakumbuka Gécamines ilivyodhoofika. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika kampuni hiyo kwa mpango wa serikali. Nyumba iliyokuwa na mshahara, shule na hospitali ya kampuni ilibaki na mtoto wa marehemu dada na sahani tupu.

Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wa barabarani katika Kongo, Lubumbashi ikiwamo, ikaonyesha kwamba wengi wao walifukuzwa nyumbani baada ya kuitwa walozi. Mwaka 2010 UNICEF nayo ilitoa uchunguzi juu ya jambo hili katika Afrika. Watoto wanaotajwa zaidi ni yatima, walemavu, wenye kifafa, wabishi, wakimya kupita kiasi, na hata wenye akili nyingi kuliko umri wao. Tulitazame orodha hiyo vizuri. Hao ndio walewale wanaohitaji mapendo yetu zaidi.

Wengine hutuambia: “Lakini mtoto mwenyewe alikiri.” Tujiulize alikiri namna gani. Mtoto mwenye njaa, aliyenyimwa usingizi, aliyezungukwa na watu wazima wanaorudia swali moja usiku kucha, atasema lolote ili alale. Tena mtoto mdogo huchanganya ndoto na mambo ya kweli. Kukiri kwa namna hiyo si ushahidi.

Sheria ya nchi yetu

Wazazi na wachungaji wengi hawaijui sheria hii, kwa hiyo tunaiweka hapa wazi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kuwatupa watoto, kuwatesa na kuwashitaki kwa ulozi.

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inahusu ulinzi wa mtoto. Mtoto ni kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Sheria hiyo inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Kifungu cha 160 kinatoa adhabu: kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini ya falanga 200,000 mpaka 1,000,000. Sheria haikumtoa pasta wala nabii katika adhabu hiyo. Kifungu cha 57 kinasema kwamba nidhamu katika familia na shuleni itolewe kwa namna inayoheshimu utu wa mtoto. Na kifungu cha 62 kinamhesabu mtoto aliyeshitakiwa kwa ulozi kati ya wale wanaostahili ulinzi wa pekee.

Mtoto akifanya kosa la kweli, kama wizi mkubwa au kumjeruhi mtu, kesi yake ni ya tribinali ya watoto. Aliye chini ya miaka 14 sheria haimhesabu kuwa na hatia ya jinai. Hiyo haimaanishi kwamba aachwe bila kuongozwa. Inamaanisha kwamba anahitaji malezi, na mahali pake si gerezani.

Nyumbani: mambo ambayo mzazi anaweza kuanza leo

1. Andika au kumbuka kwa juma moja. Tabia inatokea saa ngapi? Ni nini kilichotangulia? Sisi tulifanya nini baadaye? Mama mmoja aligundua kwamba mtoto wake hupiga wenzake jioni tu, kabla ya bukari kuiva. Akaanza kumpa kiazi saa kumi, na vita ikapungua.

2. Chagua jambo moja. Tusimwonye juu ya mambo kumi kwa siku. Juma hili ni kutopiga wadogo zake. Likishika, tuongeze lingine.

3. Sema maneno machache, karibu naye. Kupiga kelele kutoka jikoni hakusaidii. Tumfikie, tumwite kwa jina, tumwambie afanye nini: “Weka jiwe chini.”

4. Mtambue anapofanya vema. Mtoto msumbufu amezoea kusikia jina lake wakati wa lawama tu. Tumwambie: “Nimeona umemsaidia yaya yako kuchota maji. Asante.” Dakika kumi za kuzungumza naye kila siku, hata tukiwa tunachambua matembele, ni dawa kubwa.

5. Adhabu iwe ndogo, ya haraka na ileile. Aliyemwaga maji kwa makusudi arudi kuchota. Aliyeiba arudishe na kuomba msamaha, hata kama ni kidogo kidogo. Kumnyima chakula au kumlaza nje si adhabu. Ni kumtesa.

6. Wakubwa wawe na neno moja. Baba akikataa na nkambo akiruhusu, mtoto atajifunza njia ya katikati. Tuzungumze wakati mtoto hayupo, tukubaliane.

7. Mzazi apumzike. Mzazi aliyechoka sana hupiga kwa hasira. Ukiona mkono unatetemeka, toka nje, mwombe jirani au ndugu akae na mtoto. Kuomba msaada si aibu.

Kwa habari ya fimbo

Tunaulizwa juu ya Mithali 13:24. Wengine wanaitumia kuhalalisha mkanda na waya. Katika Kiebrania, neno la fimbo pale ni lilelile la Zaburi 23:4, ambapo fimbo ya mchungaji inamfariji mwenye hofu. Mchungaji huongoza kondoo kwa fimbo na kumfukuza nayo mnyama mkali. Hakuna mchungaji anayemvunja kondoo mguu kwa makusudi. Tena Paulo, katika Waefeso 6:4 na Wakolosai 3:21, anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto hata wakakata tamaa.

Hatufundishi ulegevu. Eli alilaumiwa katika 1 Samweli 3:13 kwa sababu hakuwazuia wanawe. Mtoto anahitaji mpaka. Lakini mpaka unasimama kwa neno lisilobadilika, na mzazi anaweza kuusimamisha bila kumwaga damu.

Kanisani: maamuzi yetu

Baada ya kosa letu, baraza la wazee lilikaa likaamua mambo haya. Tunayaweka mbele yenu, kila kanisa lipime:

– Hakuna mtoto anayelala katika chumba cha maombi bila mzazi wake.
– Hakuna mtoto anayefungishwa chakula au maji. Wanaotaka kufunga kwa ajili yake ni sisi watu wazima.
– Tunamwombea mchana, mbele ya mzazi, kwa sauti ya upole. Hakuna kupiga, kufunga kamba, kutia kitu machoni wala kunywesha dawa.
– Hakuna anayemwuliza mtoto kama yeye ni mlozi. Mtu akitaja neno hilo madhabahuni, mzee wa zamu anamsimamisha.
– Kila familia inayoleta mtoto inaulizwa kwanza: haya yalianza lini, na ameonwa na daktari?
– Mama mmoja na baba mmoja wa kanisa wanaitembelea nyumba hiyo kwa miezi mitatu. Mara nyingi nyumba inahitaji unga na minervali kabla ya mahubiri.

Tupeleke wapi?

Kwanza kwenye kituo cha afya cha mtaa. Kwa kifafa na magonjwa ya akili, Lubumbashi ina kituo cha Dokta Joseph Guislain, pia kuna hospitali kuu ya Jason Sendwe. Kwa mtoto aliyekwisha kukaa barabarani, Wasalesiani wa Don Bosco wamekuwa wakipokea watoto katika nyumba zao za Bakanja hapa mjini. Ni ndugu zetu Wakatoliki, na katika jambo hili tunashukuru Mungu kwa kazi yao. Familia ikitishia kumfukuza mtoto, au mtoto akiteswa, twende kwenye ofisi ya Mambo ya Jamii ya komini, kwa polisi au kwa tribinali ya watoto. Mchungaji asiogope kuisindikiza familia. Wale walio katika miji mingine wawaulize wauguzi wa kanisa lao, maana wanajua njia.

Neno la mwisho

Mzazi unayesoma ukiwa umechoka, hatukulaumu. Yule baba wa Marko 9 alikuja na imani iliyochanganyika na mashaka, tena alilisema hilo mbele ya watu wote. Bwana hakumfukuza.

Usiku wa leo, mtoto akiisha kulala, ukae karibu naye kidogo. Umtazame usoni. Ujiulize haya yalianza lini, na wakati ule nyumbani kulikuwa na nini. Kesho umwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha mwende pamoja kituoni. Nasi tutaendelea kuomba pamoja nanyi, ili kila mtoto katika makanisa yetu ainuliwe kwa mkono na kurudishwa kwa wazazi wake.

Bwana awabariki na kuzilinda nyumba zenu. Amina.